Mipira Miwili ya Gari la Abbasi

Fundi Pius alikuwa na tabia ya kulisikiliza gari kabla ya kulishika. Watu wa mtaa wa Gerezani walizoea kumwona ameinama, sikio limekaribia boneti, macho kayafumba, na hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka ainuke. Alikuja Dar es Salaam mwaka hamsini na nane akitokea Masasi, hajui hata nati inakazwa upande gani. Alifagia karakana ya watu miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Mwenye karakana alipofunga milango akahama nchi, Pius alibaki na sanduku la spana na jina zuri, akaanza kutengeneza magari mwenyewe chini ya bati pembeni mwa barabara.

Alikuwa Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, na mambo ya mashetani hakuyataka kabisa. Mteja akimwambia gari lake limechezewa na watu, Pius hujibu, "Limechezewa na kutu, ndugu yangu. Niletee brashi." Ndiyo maana yaliyompata mwaka themanini na mbili hakuyasimulia kwa mtu kwa muda mrefu, isipokuwa kwa mkewe Paskalina, na hata kwake aliyasimulia nusu nusu.

Mwaka huo hapakuwa na kitu madukani. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na spea za gari ndiyo usiulize. Jumatatu moja akaja dereva aitwaye Elisaria na Landrova kuukuu ya zahanati ya ng'ambo ya Rufiji. Alikuwa amefuata dawa mjini, dawa zimeshapakiwa nyuma, na kila aliposimama gari liliacha dimbwi jeusi chini.

Pius alifungua boneti, akaona tatizo papo hapo. Landrova ile ilikuwa na rejeta ndogo ya kupozea oili, imefungwa mbele ya rejeta ya maji. Mipira miwili ilitoa oili kwenye injini kuipeleka pale ikapoe, kisha ikairudisha. Yote miwili ilikuwa imechanika na kuvimba, na mmoja ulikuwa umefungwa tambara.

"Ukienda hivi hufiki Kibiti," alimwambia. "Mpira utapasuka, oili yote itamwagika njiani, injini itakufa."

"Fundi, kule kuna watoto wanaumwa surua. Fanya unavyoweza."

Pius alizunguka siku mbili. Buguruni alikosa, kwa wauza vyuma chakavu alikosa. Mpira wa kawaida wa maji haufai, oili ya moto huulainisha ukapasuka. Usiku wa pili akakumbuka kwamba mjini kote alishaona gari moja tu lenye rejeta kama ile. Lilikuwa la Abbasi, Mtaa wa Mafia, Kariakoo.

Abbasi alikuwa dereva hodari, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamkuu. Landrova yake aliinunua mnadani, akaitengeneza na Pius mwenyewe, mkono kwa mkono. Vita vya Kagera vilipoanza madereva walihitajika, naye akaenda. Gari akaliacha uani kwa mama yake. Wenzake walirudi mwaka sabini na tisa, yeye hakurudi. Mmoja wao alisema alimwona mara ya mwisho akivuka mto na lori. Bi Mwanamkuu alikataa matanga, akakataa hitima. "Sijaletewa maiti wala barua," alisema. "Mnataka nimlilie nani?"

Asubuhi Pius alibisha hodi. Bi Mwanamkuu, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, alimkaribisha ukumbini.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea wewe."

Pius alieleza shida yake, habari ya watoto na dawa. Bibi alisikiliza, vidole vyake vikikunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Mipira tu?"

"Mipira tu, Mama. Spea zikipatikana nitarudisha mipya."

"Basi toa. Lakini umwombe mwenyewe kwanza."

Pius aliitikia kwa kichwa, akadhani ni maneno ya mama mwenye uchungu. Akaenda uani.

Landrova ilikuwa chini ya banda la makuti, imefutwa vumbi mpaka kioo kinang'aa. Matairi yalikuwa yamekaa chini, yamepasukapasuka. Alifungua boneti. Betri haikuwapo, yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa miaka mitatu iliyopita, akaiazima kwa ruhusa ya bibi, ikaishia huko huko kwenye gari la mteja. Sahani ya betri ilikuwa na kutu na buibui.

Akajilaza chini, akaweka spana kwenye nati ya mpira wa kwanza. Nati ilikataa. Akakaza mkono, akasukuma kwa mguu, ikalegea kidogo, na oili ikamdondokea kwenye kiganja.

Alipiga ukelele. Oili ilikuwa ya moto.

Si moto wa jua. Banda lilikuwa na kivuli na ilikuwa saa mbili asubuhi. Ulikuwa moto ule wa gari lililotoka safari ndefu, unaobabua ngozi. Pius alitoka chini kwa kasi, akaosha mkono kwenye ndoo. Kisha akairudia ile Landrova taratibu, akaweka kiganja kizima juu ya injini. Chuma kilikuwa na uvuguvugu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakizamisha tena. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali, wakati kwa miaka mitatu ilipaswa kuwa tope.

Uani palikuwa kimya. Kuku wa jirani walikuwa wamesimama nje ya kivuli cha banda, hakuna aliyeingia.

"Bi Mkubwa," aliita, "nani anawasha gari hili?"

Bibi alisimama mlangoni. "Nani atawasha bila betri? Wewe ndiye fundi."

"Injini ina moto."

"Ndiyo," alisema, kana kwamba ameambiwa chai ina sukari. "Huunguruma alfajiri, kabla ya adhana. Dakika chache tu, kisha huzima. Majirani wanasikia, waulize. Mimi huamka nikakaa kitandani nikamsikiliza. Najua yuko hai. Nilikwambia umwombe."

Pius alitaka kuondoka. Alifikiria watoto wa ng'ambo ya Rufiji, akafikiria Elisaria anayelala ndani ya gari na maboksi ya dawa. Akavua kofia, akasimama mbele ya Landrova akijiona mjinga.

"Abbasi," alisema kwa sauti ya chini, "ni mimi Pius. Naomba mipira hii. Kuna watoto wagonjwa."

Akajilaza tena. Nati zote nne zilifunguka kwa vidole vitupu.

Siku ile ile alimfungia Elisaria mipira ile. Ilikaa sawasawa, haikuvuja hata tone, na kabla ya jua kuchwa Landrova ya zahanati ilikuwa imeshapita Mbagala ikielekea kusini. Wiki mbili baadaye Elisaria alituma salamu kwa dereva wa lori: dawa zilifika, watoto wengi wamepona, gari halijawahi kutembea vizuri hivyo. Pius alishukuru Mungu, akadhani mambo yamekwisha.

Siku ya pili baada ya salamu hizo, Bi Mwanamkuu alikuja Gerezani kwa miguu. Hakuwa mtu wa kutoka nyumbani. Alikuwa amekonda zaidi, macho mekundu.

"Pius, nirudishie mipira ya mwanangu."

"Mama, gari liko Rufiji. Kuna nini?"

"Haliungurumi tena. Toka siku uliyoitoa. Naamka alfajiri, nasikia jogoo, nasikia adhana, yeye simsikii." Akajishika kifuani. "Umenikatia mtoto, Pius."

Maneno hayo yalimwingia kuliko ile oili ya moto. Yeye aliyesikiliza magari maisha yake yote, hakuwaza kwamba kuna mtu anaishi kwa kusikiliza moja tu. Akafunga kazi. Alitafuta siku tano mfululizo, na huko Pugu Road akampata mzee Marcelino, fundi wa matrekta, ambaye alikuwa na mpira mzito wa trekta uliosokotwa waya ndani. Pius akauomba, akaukata vipande viwili, akatengeneza ncha zake mwenyewe kwa tupa. Galoni ya oili aliipata kwa kumpa mtu redio yake, na Paskalina akanuna wiki nzima.

Alhamisi akaifunga mipira mipya kwenye gari la Abbasi. Safari hii injini ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na ndani hamkuwa na oili hata kidogo. Akamimina galoni yote, akaomba ruhusa ya kulala ukumbini.

Kabla ya alfajiri alimkuta bibi amekwishaamka. Wakaketi kwenye mkeka pamoja, mlango wa uani wazi. Jogoo akawika. Baadaye muadhini akaanza, sauti ikapita juu ya mabati ya Kariakoo mpaka ikaisha. Walingoja. Mwanga ukaingia uani, Landrova ikaonekana, kimya.

Bi Mwanamkuu hakulia. Alijifunga kanga vizuri, akasema, "Alikuja kuaga tu. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa kukataa kumlilia." Akaenda kutawadha.

Ijumaa ile Abbasi alisaliwa msikitini sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo, na Jumapili ikasomwa hitima. Pius, na ukristo wake, alibeba masufuria ya pilau na kupanga mikeka. Majirani walimlilia Abbasi kwa sauti, kilio kilichongoja miaka mitatu. Mama yake naye, hatimaye, alilia.

Baada ya siku arobaini bibi alimwita Pius akamwambia auze gari, na oili ile aitoe kwanza aichukue, maana alijua kisa cha redio. Pius akaweka karai chini ya injini, akafungua nati ya kumwagia oili.

Halikutoka tone.

Akakagua mipira: imekazwa, mikavu. Akapapasa ardhi chini ya gari: vumbi tupu, halina doa. Galoni nzima. Akauliza kama kuna mtu aliyeingia uani.

"Nani aingie? Geti halijafunguliwa," alisema Bi Mwanamkuu. Kisha akaligeukia gari. "Ila usiku wa kuamkia hitima nililala, mwanangu. Nililala mpaka jua likanikuta. Kama liliunguruma, mimi sikulisikia."

Pius alifunga nati, akachukua karai lake tupu, akarudi Gerezani kwa miguu.