Waseme, Mbwa wa Bibi

Jumamosi iliyopita, mwezi huu wa tano, tulimzika bibi yangu huko Usinge. Ndiye aliyenilea. Nilipofika kwake nilikuta bani la kukaushia tumbaku limeanguka, lakini harufu bado imo kwenye udongo, na harufu hiyo ikanirudisha kwa Waseme.

Waseme alikuwa mbwa. Bibi alimpa jina hilo kuwajibu watu waliosema mjane hawezi kulinda shamba kando ya msitu. Nyani walishuka kila mahindi yalipoanza kukomaa, na mlinzi nilikuwa mimi, juu ya dungu, nikipiga debe huku wenzangu wako darasani. "Mbwa akiijua kazi, wewe utasoma," bibi aliniambia.

Basi nikamlea kwa moyo wote. Nilimpa ukoko wa ugali, nikamtafunia michembe ile ya viazi iliyopikwa na karanga. Niliburuta kipande cha ngozi ya nyani kuzunguka shamba, naye akinifuata nyuma akibweka kwa sauti yake nyembamba. Bibi alikuwa akisema mbwa wa shamba hafundishwi kuuma, hufundishwa kubaki. Waseme akajifunza kubaki. Majuma matatu nilikaa darasani kila siku, mpaka mwalimu akaacha kuniita mgeni.

Halafu akashikwa na upele. Ulianzia masikioni, ukashuka tumboni, akawa anajikuna mpaka damu. Kwetu dawa ilikuwa moja, ya mbuzi na ya mbwa: maji yaliyolowekwa majani ya tumbaku. Bibi alikuwa anakwenda msibani kijiji cha pili, akaniagiza: konzi moja ya majani, isizidi, na mbwa afungwe mdomo kwa kitambaa mpaka manyoya yakauke, asijilambe.

Nililoweka konzi tatu. Nilitaka apone upesi. Nikamwosha, nikamfunga mdomo, nikakaa naye juani. Mara kengele ya shule ikagongwa, na nyani walikuwa wameanza kuitana msituni. Mbwa aliyefungwa mdomo habweki. Nikamfungua angali amelowa, nikakimbilia shule.

Mchana nilimkuta chini ya dungu. Alikuwa anatetemeka, mate ya povu yanamchuruzika, miguu inapiga chini kama bado anakimbia. Aliponiona alijaribu kutikisa mkia. Alikufa kabla bibi hajarudi.

"Ulimfunga mdomo?" bibi akaniuliza.

"Nilimfunga, bibi."

Akatazama lile povu, kisha akatazama upande wa jirani. Wiki ile jirani alikuwa amelalamika kuwa Waseme amekula vifaranga vyake. Bibi akaenda kusimama mpakani.

"Wewe baba! Vifaranga viwili tu ndiyo umpe mnyama sumu?"

"Mama, mimi nigombane na mbwa? Labda ameshiba hayo matumbaku yenu!"

"Cheka. Cheka tu. Salamu yangu hutaisikia tena."

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika kile kitambaa. Neno moja lingetosha. Sikulisema.

Nilirudi dunguni, na darasa la saba sikulimaliza. Bibi naye alitimiza alichosema. Zaidi ya miaka ishirini alipita mbele ya mlango ule bila kugeuza shingo. Siku hizi nyani hawaji, maana msitu umekatwa mpaka mbali, na pale lilipokuwa dungu pameota magugu. Mengine ya utotoni nayakumbuka kwa utamu, mlio wa debe, moshi wa bani, michembe ya moto. Lakini kila nikiyakumbuka naishia kwenye kile kitambaa.

Jumamosi, jirani alikuwa wa kwanza kufika makaburini. Amezeeka, jembe begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaninong'oneza: "Wewe ndiye uliyekaa naye. Niambie, aliwahi kunisamehe?"

"Alikusamehe," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru. Mwili uliposhushwa kaburini, akavua viatu, akachukua jembe, akaanza kufukia.