Mmoja kwa Mia na Ishirini

Huku Kombani mimi ndiye msomaji wa karatasi za watu. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo kila hati ya shamba na kila barua ya shule huletwa barazani kwangu. Nimeizoea heshima hiyo kupita kiasi.

Binti yangu wa mwisho, aliyekuwa kwetu wakati wa mimba, alipopimwa damu kliniki kule Ukunda, karatasi ya majibu niliichukua mezani bila kuombwa. Ilikuwa na mstari wa Kiingereza kwa wino mwekundu: hatari kubwa, hali ya Down, 1:120. Hali hiyo naijua. Mtoto huzaliwa nayo, akachelewa kukua na kujifunza. Nilisoma "hatari kubwa" nikaishia hapo. Zile namba sikuzijali.

Kisha nikafanya upuuzi mkubwa zaidi. Kwetu, mke akiwa na kasoro, upande wake ndio husema kwanza, ili wakwe wasije kuambiwa na watu wa njiani. Nikampigia simu ami wa mumewe, Msambweni, kabla hata mume mwenyewe hajajua.

Asubuhi ya pili walifika wakwe wanne. Ami akataka binti aache kliniki, ahamie kwao anyweshwe maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Mama mkwe hakuzunguka: "Na akizaa mtoto huyo, abaki naye hapa hapa."

Walipoondoka, binti alinigeukia. "Baba, nani alikutuma?"

"Nilitaka wasikie kwetu kwanza."

"Wasikie nini? Umeisoma karatasi au umeipigia ramli?"

Tukashuka Ukunda pamoja. Nilimfokea muuguzi kwa nini wanawatia watu hofu. Alinisubiri nimalize.

"Mzee, chukua wajawazito mia na ishirini wenye jibu kama hili. Wangapi watazaa mtoto mwenye hali hiyo?"

"Wote?"

"Mmoja, mzee. Mmoja!"

"Sasa mbona mmeandika hatari kubwa?"

"Ni kubwa kuliko ya wengi, ndiyo maana tunamwita kwa kipimo cha pili. Ukichagua mchele ukatenga punje uitazame vizuri, umeshasema ni jiwe?"

"Mweleze polepole, dada," binti akasema. "Kidato cha nne huyo."

Nilipiga simu Msambweni mara tatu siku ile. Ami alinisikiliza, kisha akasema, "Mzee mwenzangu, juzi mtoto mgonjwa, leo ni mmoja kwa mia. Tushike lipi?" Neno la kwanza lilikuwa langu, na ndilo waliloshika, hata kipimo cha pili kiliporudi hakina tatizo.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Siku ya arobaini mama mkwe alimfungua nguo mbele ya wageni, akamkagua macho, viganja na vidole vya miguu, kama anayenunua kuku sokoni. Binti yangu hakumtazama mkwewe. Alinitazama mimi, mpaka nikainama.

Mume amebaki naye, lakini Msambweni hawaendi tena. Watu bado wananiletea karatasi zao. Binti akija, kitabu cha kliniki humpa mama yake amshikie, na mama yake hajui kusoma.