Fundi wa Skrini na Ndoo Yake

Mkono wangu mzito wa kuandika, nanyi hamkomi kunisumbua, haya, shikeni. Fundi wa skrini za boti hupapasa nyaya kama mama anayetafuta homa shingoni mwa mtoto. Leo ramani ya kwenye skrini ilikuwa ikimzimikia mwanangu nahodha kila alipokaribia miamba. Skrini zote zimeungwa kwenye waya mmoja. Plagi moja ikilegea, zote hupepesa. Fundi akaipata imeshika kutu, akaisugua, akaipuliza, akaikaza.

“Imepona, kaka.”

Kisha, kama kawaida yake, akapanda botini kwenda kuijaribu kazi yake, na ndoo mkononi, maana bahari humtapisha.

“Shuka, utajitesa bure!” mwanangu akamcheka.

“Kama nimekosea, tuzame wote,” akajibu, ameikumbatia ndoo.

Wamerudi salama, fundi kajilaza barazani kwangu, hoi. Wewe msomaji, acha kucheka, njoo umtwangie tangawizi.