Vikapu Vitatu vya Mama Mkwe

Niliolewa Kanazi nikitokea upande wa Muleba, enzi za Mwingereza, na kazi ya kwanza niliyofundishwa na mama mkwe haikuwa ya kibanjani, kwenye migomba, bali ya msituni. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na vichaka vya miiba vilivyozaa matunda madogo, mekundu yakiwa mabichi, meusi yakiiva. Masista wa misheni waliyatumia kupika jamu, na walitaka yaliyochaguliwa na mama mkwe tu.

Tulichuma asubuhi, kisha tukakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni na kuyamwaga juu ya jani la mgomba. Meusi magumu yaliingia kikapu cha masista. Yaliyolainika yalikuwa ya juisi ya nyumbani. Mekundu na yenye wadudu yalikuwa ya kuku.

Msimu wangu wa pili nikaanza kuona mekundu ndani ya kikapu cha masista. Nilidhani ni haraka. Halafu siku moja nikamwona mama mkwe ameshika tunda jekundu kabisa, akalisogeza karibu na uso, akaligeuza, akaliweka kwa masista bila wasiwasi wowote.

Mke wa mwana hamsahihishi mama mkwe. Nilimwambia mume wangu. Akaniambia nisimseme mama yake. Basi kila mama mkwe alipokwenda kuchochea moto niliyatoa mekundu upesi upesi. Siku moja alirudi kabla sijamaliza, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Unafanya nini na kikapu changu?"

Nikasema nafukuza sisimizi. Tangu hapo alikaa nacho katikati ya miguu mpaka kifunikwe majani.

Juma lile masista walikikataa. Sista aliyetupokea alisema kwa upole kwamba labda safari hii yamechaguliwa na mtu mwingine. Nilingoja mama mkwe aseme ni mimi, na ningekubali. Badala yake aliomba aonyeshwe. Sista akamwekea kiganjani matunda mawili, moja jekundu na moja jeusi. Aliyatazama kwa muda mrefu.

"Yote meusi," akasema.

Palepale sista akampeleka zahanati ya misheni. Walimmulika kwa tochi, wakasema ugonjwa uko nyuma ya jicho na dawa yake hawana.

Wakati wa kurudi alitangulia kama kawaida. Nilikuwa nyuma yake, nikiona mguu unavyopapasa njia kabla ya kukanyaga. Nilitamani kumshika mkono. Sikuthubutu, na yeye hakuuomba.

Tulipofika alinisogezea kikapu. "Chagua wewe, mwanangu," akasema, kisha akaingia chumbani.

Kahawa ilipoanza kuvunwa alikuwa haoni hata mlango. Nilikwenda msituni peke yangu. Kila niliporudi aliniuliza kama nimechagua vizuri, nami nikajibu ndiyo, nikiwa sina hakika, wala sina mtu mwingine wa kumuuliza.