Siku Madame Faida Alipoongea Kiswahili Kinshasa

Enzi zetu pale Kadutu, mtaani kwetu Bukavu, kuongea Kiswahili darasani lilikuwa kosa. Madame Faida, mwalimu wetu wa mwaka wa nne, alikuwa na kipande cha mti chenye kamba, tulikiita sembole. Akikusikia unaomba kalamu kwa Kiswahili, unakivaa shingoni mpaka umnase mwenzako akikosea naye. Mimi mdomo haukutulia, nilikivaa karibu kila juma. Jioni, mbele ya ugali wa fufu na visamaki vya sambaza, tuliropoka Kiswahili chote tulichokibana tumboni tangu asubuhi.

Kisha Madame akagombea, akawa député, mbunge wa jimbo. Hapa Bukavu aliongea Kiswahili, akina mama wakamfuata redioni wakichambua maharagwe. Alipotaka kwenda bunge la taifa, mama yangu, ambaye Kifaransa chake kiliishia bonjour, alimuuliza akiwa kule Kinshasa wao watamsikia na kumwelewa namna gani.

"Maman, nitaongea musikie," akajibu.

Kwa neno hilo tu mama alizunguka avenue nzima akimwombea kura. Papa Deo, fundi cherehani jirani yetu, akamtania: "Ule mwenye kuvalisha batoto sembole, njo atakuongelea Kiswahili?"

Alishinda, na siku ya hotuba yake ya kwanza kule Kinshasa tulijaa kwa Papa Deo, mwenye televisheni. Madame akasimama katika ukumbi ule mkubwa, Kifaransa kikatiririka. Mama akakaza kikwembe chake kiunoni, tayari kuondoka. Ndipo Madame akavua miwani.

"Sasa naongea na ba maman ba Kadutu. Munanisikia?"

Nyumba nzima ikaitikia. Akaeleza makorongo yanayobeba nyumba zetu mvua ikinyesha, polepole, kama alivyokuwa akitufundisha. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno. Lugha yetu ilikuwa inasikilizwa na wakubwa wa nchi, na hakuna aliyethubutu kumvalisha mwalimu wangu sembole.

Baadaye akawa waziri. Mimi shule niliacha, nikatangatanga Shabunda, Luberizi, popote gari lilipoishia, na kwenye kila redio niliyoikuta nilitafuta sauti yake.

Juzi nilirudi nyumbani. Binti wa dada yangu alikuwa anapitisha video kwenye simu. Mzee mmoja akatokea bungeni, akafungua kinywa, kidole cha binti kikamsukuma juu, akapotea. Mama akauliza yule alitaka kusema nini.

"Ah koko, iko député tu," binti akamjibu bibi yake.

 Enzi zetu lile "tu" hatukulijua. Député akifungua kinywa, tulinyamaza kwanza, tusikie.