Divai nyeupe ya bei nafuu, na neno "dry" lililotusumbua Makongeni

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naona mnabishana kuhusu divai nyeupe ya kunywa nyumbani siku za kawaida bila kuumiza mfuko. Wengine mnatajiana chupa za bei ya mbuzi. Acheni niwape yaliyonipata mwenyewe. Sina sababu ya kutia chumvi, umri huu nitafute sifa kwa nani.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa Makongeni. Mume wangu, Baba Nekesa, alikuwa fundi wa relwe. Mimi nilikuwa typist kwa ofisi moja Industrial Area. Chumba kimoja, mtoto mmoja, ndoa ya miaka miwili.

Hatukuwa tunagombana. Tulikuwa hatuongei.

Mzee akitoka kazini anapitia baa, akirudi nimeshamlaza mtoto. Anakula, analala. Hakuwa mlevi, msinielewe vibaya. Alifuata stori tu. Majirani walikuwa wananiambia mume wangu ni mcheshi sana, na mimi sijawahi kumsikia akicheka. Hilo liliniuma kweli.

Kumfuata huko singeweza. Sisi ni watu wa kanisa kutoka Bungoma, na mama wa kwaya akionekana baa ya Jogoo Road, Jumapili hana pa kuweka uso. Tena bia yenyewe inanishinda, ni chungu.

Halafu ofisini kukawa na party ya kuaga mtu. Nikaonjeshwa divai nyeupe, nikaipenda. Nikawaza, tukiwa na kitu tunachoweza kunywa wote wawili, pale mezani petu, pengine huyu mtu atakuwa anakuja nyumbani mapema.

Chupa ya kwanza niliichagua kwa sababu ya picha ya zabibu. (Usicheke, hata wewe ulianza hivyo.) Ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi. Baba Nekesa alimaliza glasi yake kwa heshima, akasema kichwa kinamgonga. Kesho yake akarudi baa.

Nikaenda tena wines and spirits, mjini. Mwenye duka akaniuliza nataka sweet au dry. Sweet nilikuwa nimeiona, nikasema dry.

Jioni hiyo nikakaanga samaki, na mzee nilikuwa nimemwomba aje mapema. Akaja. Nikamwambia leo ni dry.

"Dry si ni kavu?" akasema, akiigeuza chupa. "Kama chai kavu?"

Chai kavu mnaijua. Chai bila mkate, bila andazi, bila chochote cha kuisindikiza. Nikaona amesema jambo la maana.

"Basi ondoa hiyo samaki kwanza," akasema. "Tusikunywe kishamba."

Nikaondoa. Tukakaa hapo watu wazima wawili, matumbo matupu, tunakunywa divai iliyokaa kando ya jiko la makaa nikikaanga. Ilikuwa na joto na inakwaruza koo. Samaki anapoa kwenye bakuli, kila mtu anaangalia glasi yake. Glasi ilipoisha, akachukua koti.

"Asante, Mama Nekesa," akasema, akatoka. Nililia.

Kesho yake lunch hour nilienda dukani, na sikuwa nimeenda kununua. Nilienda kugombana. Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akavua miwani.

"Mama, dry ni kusema haina sukari. Si kusema uinyime chakula. Hiyo ndiyo inataka samaki. Na uipoze, tafadhali."

Akanifunza pia nisichukue chupa inayokaa mbele dirishani ikipigwa na jua, hiyo imeshaharibika. Na nisinunue iliyozeeka eti ndiyo nzuri, nyeupe ya bei ya chini hunywewa ikiwa changa. Akanipa moja ya zile za Afrika Kusini zilizoanza kujaa madukani wakati huo. Ukilinganisha na bia za wiki nzima, ilikuwa nafuu.

Friji hatukuwa nayo. Nililoweka leso, nikaifunga chupa, nikaisimamisha kwenye karai la maji dirishani penye upepo. Inapoa vizuri tu, jaribuni.

Kazi ilikuwa kumrudisha mzee mezani. Asubuhi akivaa viatu nikamwambia ukweli.

"Baba Nekesa, mimi sitafuti divai. Natafuta mtu wa kuongea na yeye. Kuja leo mara moja tu. Ukiona haifai, sitakusumbua tena."

Akafunga kamba za viatu, akatoka. Lakini jioni alikuja.

Akala kipande cha samaki chenye ndimu, akanywa kidogo. Akala tena, akanywa tena. Akaitazama glasi.

"Kumbe hii kitu inataka mwenzake," akasema. "Na vile juzi tulikaa hapa kama watu wa matanga."

Akacheka. Wakuu, ndiyo mara ya kwanza nikisikia kicheko cha mume wangu, na ni kikubwa, mtoto aliamka.

Tukaanza hivyo. Glasi moja moja na chakula, omena, kuku, hata mayai, chupa inatupeleka siku tatu. Yeye ananipa stori za relwe, mimi namweleza vituko vya supervisor wangu wa ofisini. Usiiache zaidi ya hapo, inageuka siki.

Sasa, Jumatano moja divai iliisha na mimi sikuwa nimefika mjini. Nikajua leo ni baa. Jua halijazama nikasikia mlango.

"Divai haiko," nikamwambia kabla hajakaa.

"Najua. Asubuhi niliona chupa iko tupu." Akavuta stuli. "Haya, yule supervisor wako alisemaje?"

Ushauri wangu ni huo: chukua dry, changa, ipoze, iwekee chakula. Ya bei ya chini inatosha kabisa kama una wa kukaa naye.

Wenye chupa zenu nzuri za nafuu zitajeni hapo chini, na mnaonipinga pia njooni. Mzee mwenyewe yuko hapa anachungulia simu. Anasema nimemsingizia, yeye hajawahi kuwa mtu wa kimya. Ameongea tangu nianze kuandika.