Vijiko Vitatu vya Chumvi ya Mama

Juzi mjukuu wangu alinionyesha mizani ya shuleni kwao, inayoandika gramu yenyewe. Nikacheka, maana ya kwetu, wakati wa vita vya kumtoa Mreno, ilikuwa vifuu viwili na kijiti.

Shikola yetu, ndiyo shule, ilikuwa msituni upande wa Nhica, ndege za Mreno zisituone. Mwalimu aliomba chumvi ya somo. Mama akanipa ya mwisho, ya mabonge, vijiko vitatu, na kijiko chenyewe. "Irudi yote," akasema. Njiani nilipima tena.

Mwalimu akaitia kifuu kimoja, akaipima kwa punje za mahindi kifuu cha pili, arobaini, kisha akaimwaga majini. Ikatoweka!

"Mwalimu, nirudishie chumvi ya mama!"

"Imo humo humo, bibi mdogo."

"Basi yanywe wewe, mimi nipe ya mabonge."

Darasa zima likacheka. Akachemsha yale maji kwa kuni kavu zisizo na moshi hadi yakakauka, akakwangua sufuria mpaka nikaridhika. Unga mweupe! Nikapima: vijiko viwili. Nikajua nimeibiwa. Akautia kifuuni, na punje zile zile zikalingana nao. Nikazihesabu mara mbili. Arobaini! Leo najua mabonge huacha nafasi katikati, unga hujipanga. Siku ile nilirukaruka tu, nikaomba na mahindi yenyewe.

Nyumbani mama alipima. "Viwili? Kimoja umelamba?"

Nikafungua fundo la kanga, nikamwaga mahindi mbele yake. "Hesabu, mama. Mimi natafuta vifuu."